Vyuma Sita vya Farmall Jekundu

Neubach, Ohio
Ijumaa, 3 Mei 1974

Mjomba wangu mpenzi Leander,

Natumaini mashua ya posta itakukuta Detroit ukiwa mzima, na kwamba goti halikusumbui kwenye ngazi za chumba cha injini. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, amekufumia soksi nzito lakini anakataa kuzituma mpaka umwandikie mwenyewe. Huku kwa wakwe zangu ng'ombe wamezaa salama, mahindi yameanza kupandwa, na mimi, Mjomba, nimeolewa. Najua unajua, lakini bado napenda kuliandika. Nikiona bahasha yenye jina Verena Heitkamp nacheka peke yangu jikoni, na mama mkwe ananiuliza kama nina homa.

Zawadi yako ilishushwa uani Jumamosi. Maharusi wengine hupewa sahani. Mimi nimepewa trekta la marehemu Babu, Farmall jekundu la mwaka 1939 lililopauka kwa jua, na nisingelibadilisha kwa sahani za dunia nzima. Urban alilizunguka, akagusa kila kitu, halafu akanibusu mbele ya mama yake. Mjomba, mume wangu si mtu wa kubusu mbele ya watu.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita Padri Knapke alikuja kula nasi baada ya Misa. Tulikuwa na tambi juu ya viazi vya kuponda na kila mtu alikuwa na furaha, mpaka Urban akasema angependa banda la zamani la maziwa liwe karakana yake ya kutengeneza injini. Baba mkwe Cletus akasema banda hilo litaingia nguruwe baada ya mavuno, na kwamba Urban ameshatafutiwa nafasi kwenye kiwanda cha mashine za kufulia mjini, kuanzia Jumatatu baada ya maonyesho ya kaunti. Alisema kana kwamba anatangaza hali ya hewa.

Unamfahamu Cletus Heitkamp. Tangu Urban hajaota ndevu, baba huyu na John Deere lake la kijani ndio washindi wa mashindano ya kuvuta mzigo kwenye maonyesho ya kaunti, katika daraja la matrekta ya kale. Basi Urban wangu, ambaye huwa habishani na mtu, akaweka uma chini akasema injini atakayoitengeneza yeye italishinda la kijani. Baba mkwe akafuta mchuzi mdomoni.

"Lile pinki? Lile si trekta, mwanangu. Lile ni banda la kuku lenye magurudumu."

Kisha akatamka mbele ya Padri: jekundu likishinda, banda la maziwa ni letu. Likishindwa, nguruwe wanaingia bandani na Urban anaingia kiwandani. Padri Knapke akasema amesikia, akaomba tambi nyingine.

Mjomba, kiwandani watampa zamu za usiku. Tutaishi chumba cha kupanga mjini, na mimi nitakuwa mke wa mtu aliyelala. Tuambie injini ifanywe nini. Na Agosti utakuja kwenye maonyesho?

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na aibu,
Verena


Meli iitwayo Orrin Tasker, Ziwa Superior
21 Mei 1974

Mpwa wangu Verena,

Salamu zimefika. Goti ni goti. Barafu imeondoka mapema, tumepakia madini ya chuma Duluth mara mbili, na mpishi mpya anaamini chumvi ni dawa. Mwambie dada yangu nitamwandikia.

Injini ya Baba ni nzima. Aliitunza kuliko alivyotutunza sisi. Mwambie mumeo asitoboe bloku. Slivu za silinda, yale mabomba ya ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutoka zote. Avute zile za zamani, aingize pana zaidi za trekta lililokuja baadaye, na pistoni zake. Hedi aichonge kidogo tu ili mgandamizo upande. Akichonga kwa pupa, gasketi itapasuka mbele ya watu. Kabureta ipanuliwe tundu la mafuta, maana silinda kubwa ina njaa kubwa. Asitafute kelele. Kuvuta mzigo ni kazi ya injini inayozunguka polepole na kukataa kufa.

Cletus ni mvutaji mzuri. Msimdharau kwa sababu ana mdomo.

Vaeni vizuri, kuleni.
Leander


Neubach
Jumapili, 16 Juni 1974

Mjomba mpenzi,

Barua yako Urban ameibandika ukutani juu ya meza ya kazi, na kila akifanya hatua moja anaitazama kama mtu anayetazama saa. Mama hajambo, ila goti lako bado hajaelezwa habari zake, nami sisemi. Mama mkwe Rosella amepanda kabichi nyingi mno, maana yake majira ya baridi tutakula kabichi chachu mpaka tununiane.

Pistoni mpya zimeingia! Laiti ungemwona. Alizipaka mafuta kwa vidole, akazisukuma moja moja akiwa ameshika pumzi, nami nilishika taa na pumzi yangu pia. Anapima nafasi za valvu kwa upole uleule anaonifungia vifungo vya mgongoni vya gauni langu la kanisani. Siku hizi ananukia grisi na sabuni ya unga, na mimi napenda harufu hiyo hata nikiwa peke yangu kwenye kufua. Hedi aliichonga kidogo, kama ulivyosema. Siku tuliyoiwasha, madirisha ya banda yalitetemeka na paka wa mama mkwe hajarudi mpaka leo.

Tunafanya mazoezi kwenye shamba la nyuma ya msitu, baba mkwe akienda mnadani. Mama mkwe anasimama juu ya sleji, lile jukwaa la mbao linaloburutwa na trekta, awe mzigo, sweta mkononi, anafuma huku akiburutwa. Anasema hajachukua upande. Yeye ni ratili mia moja na tisini za mwanamke asiyejua lolote.

Tumetundika vyuma sita mbele, vya ratili sitini kila kimoja, pua isiinuke. Urban anasema hakuna mtu wa daraja letu, ambalo kikomo cha uzito ni ratili elfu tano mia nne, atakayekuwa na chuma kingi hivyo mbele.

Hukusema kama utakuja kwenye maonyesho.

Verena wako


Toledo, gatini
5 Julai 1974

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mpishi ameondoka, ameletwa mwingine, huyu haamini chumvi kabisa. Nimemwandikia mama yako.

Nina swali moja. Trekta la Baba likiwa na maji na mafuta lina uzito wa ratili elfu nne na mia tisa. Nililipima mwenyewe kila mwaka. Ongeza vyuma sita vya sitini, unafika elfu tano mia mbili na sitini. Dereva naye hupimwa pamoja na trekta, kwa hiyo amebakiziwa ratili mia moja na arobaini.

Nimetoa picha ya harusi yenu kwenye kabati langu nikaitazama tena. Bwana harusi yule hapungui mia mbili na arobaini. Ama umemnyima chakula, ama amekatwa miguu, ama si yeye anayeendesha.

Ni nani, Verena?

Leander


Neubach
Jumapili, 14 Julai 1974

Mjomba,

Salamu kwanza, usinikasirikie kabla ya salamu. Mama amefurahi na barua yako, ameisoma mezani kwa sauti. Ngano imevunwa. Nimejifunza kuoka pai ya cheri ambayo haivuji.

Ni mimi.

Ilianza kama mchezo. Tulipeleka trekta kwenye mizani ya ghala la nafaka, na Urban alipokaa kitini tukawa tumezidi. Akateremka aondoe chuma, nami nikapanda kukaa tu, kwa sababu kiti kilikuwa bado na joto lake. Mwenye mizani akasoma namba akasema, "Na huyu je?" Tukatazamana, Mjomba, na nikajua tunawaza kitu kimoja, kama siku ile aliponiomba nicheze naye kwenye harusi ya binamu yake. Mimi na viatu ni mia moja na kumi na nane. Kila ratili asiyokuwa nayo dereva inageuka kuwa chuma.

Hapa wanawake huja kwenye mashindano na pai. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni mazoea tu, na baba mkwe bado hajui. Urban amenifundisha kulegeza klachi taratibu mpaka mnyororo unyooke, ndipo nifungue mafuta. Mkononi ninafungwa kamba inayozima injini nikianguka kitini. Anaipima kamba hiyo kila siku. Naogopa kidogo, lakini nikiwa juu pale na injini aliyoiunda kwa mikono yake inaunguruma chini yangu, Mjomba, sijui niseme nini. Nahisi kama nimebebwa.

Niandikie. Hata neno moja.

Verena


Neubach
Jumapili, 4 Agosti 1974

Mjomba,

Hatujambo sote. Umenyamaza. Mama anasema meli yenu imeonekana Sault, kwa hiyo hujazama. Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Kiwanda kimeshamtumia Urban sare. Mama mkwe ameificha ndani ya pipa la unga.

Kama umekasirika, niambie umekasirika.

V.


Ziwa Huron, kwenye ukungu
8 Agosti 1974

Mpwa wangu Verena,

Sijakasirika. Nimeandika barua nne nikazitia kwenye tanuri. Zote zilikuwa zinakukataza, na wewe si mtu wa kukatazwa. Hilo umelitoa kwetu.

Niliwahi kuona trekta likisimama kwa magurudumu ya nyuma na kuendelea kuinuka. Sitasimulia. Ndiyo sababu siji kwenye maonyesho, na ndiyo sababu nimekuwa nikiruka swali lako kama mtu anayeruka dimbwi. Kamba ya mkononi ifungwe fundo ambalo mumeo atalivuta mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Sasa sikiliza, maana hili ni la ushindi na la usalama pia. Mmekosea vyuma. Dereva hukaa nyuma, juu ya magurudumu yanayovuta. Mlipomtoa Urban kitini mliondoa ratili zaidi ya mia nyuma, halafu mkazipeleka zote puani. Sasa pua ni nzito na nyuma ni nyepesi. Shamba la nyuma ya msitu ni udongo mgumu, hamtaona kosa. Pale kwenye uwanja wa maonyesho udongo ni laini: mbele itachimba na nyuma itazunguka bure. Rudisheni vyuma viwili nyuma. Pua inuke kiganja kimoja, isizidi.

Barua hii itashuka na mashua ya Detroit ukungu ukiondoka. Hauonyeshi dalili ya kuondoka.

Mjomba wako,
Leander


Neubach
Jumapili, 18 Agosti 1974

Mjomba wangu,

Bado sijapata jibu lako, lakini siwezi kungoja. Mama yuko hapa mezani, anakusalimu, analia, usijali, ni kwa furaha. Urban amelala kwenye kochi na kofia yake usoni. Nimemtazama kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuandika.

Jana kaunti nzima ilikuwepo. Daraja letu bado linavutwa kwa desturi ya zamani: wanaume wanasimama kando ya njia, na sleji ikipita kila mmoja anapanda, mpaka trekta lishindwe. Walipangwa kwa uzito, na wa mwisho kabisa, mbali kule kwenye bendera, alikuwa Padri Knapke na kanzu yake, maana hakuna mzito kuliko yeye.

Nilipopanda kitini watu waligeuka kunitazama. Halafu mtu mmoja wa upande wa baba mkwe akapaza sauti, "Urban, umemleta mkeo akushikie nafasi?"

Urban alikuwa anakaza fundo mkononi mwangu. Akajibu bila kugeuka, "Hapana, mimi ndiye ninayemshikia yeye."

Baba mkwe alikuwa ameegemea la kijani. Alinitazama mimi, akavitazama vile vyuma sita, akazitazama tena buti zangu. Akaelewa palepale. Alivuta kofia chini akasema, "Kumbe," basi.

Tulichota namba kutoka kwenye kofia, na Urban akatoa ile ambayo kila mtu anaikimbia: namba moja. Wa kwanza ndiye anayejaribu mzigo kwa niaba ya wote. Akishamaliza, kabla hajashuka, anaulizwa kama anauchukua urefu aliovuta au anautupa. Akiutupa anavuta tena mwisho, lakini ule wa kwanza umekufa, hata kama wa pili ni mbaya zaidi.

Nilivuta futi mia mbili arobaini na moja. Watu walipiga makofi, mwaka jana zingetosha kuwa za pili. Urban alikuja mbio, uso umemng'aa, akasema, "Chukua, mpenzi. Chukua."

Lakini mimi nilikuwa juu pale, Mjomba, yeye alikuwa chini. Usukani ulikuwa mzito kama ng'ombe aliyelala. Nilipoangalia nyuma, magurudumu ya mbele yalikuwa yamelima mifereji miwili njia nzima, na ya nyuma yalikuwa yamejichimbia mashimo. Na injini haikuchoka hata kidogo. Trekta lilisimama kwa sababu ya udongo. Nguvu zote alizoziweka Urban mle ndani zilikuwa zinazunguka bure. Na wa pili hapewi banda.

Msimamizi akauliza. Nikasema, "Nautupa."

Nilisikia sauti ya watu, ile ya kuvuta pumzi pamoja. Urban alikuwa mweupe kama karatasi.

"Verena, kuna uhakika gani?"

"Mbele ni nzito. Rudisha vyuma viwili nyuma yangu."

Alinitazama. Injini ni yake, maisha yake yote yalikuwa kwenye swali lile, na kiwanda kilikuwa kinamngoja Jumatatu. Hakuuliza mara ya pili. Alichukua spana. Mjomba, nilipendwa pale, mbele ya kaunti nzima, na mtu aliyepiga magoti kwenye matope akifungua nati.

Wakavuta wengine. Baba mkwe akavuta wa mwisho kabla yangu, na alivuta vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayesoma gazeti. Mia mbili sitini na tatu. Watu wake wakaanza kupeana mikono.

Kisha mimi. Nilinyoosha mnyororo, nikafungua mafuta. Pua ikainuka kidogo, kama kiganja, ikabaki hapohapo, inaelea. Usukani ukawa hauna kazi, nikawa naongoza kwa breki, kushoto, kulia, kama Urban alivyonifundisha. Wanaume wakapanda mmoja mmoja, nasikia mbao zikilia nyuma yangu. Nilipopita mia mbili hamsini injini ikashusha sauti, ikawa inahesabu mipigo kama mzee anayepanda kilima, lakini haikufa. Nikamwona Padri Knapke mbele akikusanya kanzu yake kwa mikono miwili. Akapanda. Farmall la Babu likapiga mipigo minne zaidi naye juu ya sleji, likasimama.

Mia mbili sabini na moja.

Mama mkwe, asiyejua lolote, aliruka uzio. Urban alinitoa kitini kwa kunibeba, kamba bado iko mkononi, na injini ikazimika yenyewe. Alinibusu mbele ya watu wote na hakuona haya hata kidogo.

Baba mkwe alitazama utepe wa kupimia mpaka ulipokunjwa. Akapakia la kijani, akaenda nyumbani bila kula pai. Leo kanisani hakusema kitu. Mezani hakusema kitu. Padri alisikia ile ahadi, lakini banda ni la baba mkwe, na kesho ni Jumatatu.

Laiti ungekuwepo.

Verena wako


Duluth
30 Agosti 1974

Mpwa wangu Verena,

Barua yako niliisomea chumba cha injini kizima, kwa sauti, juu ya kelele. Ulipoutupa urefu wako, mpaka-mafuta wetu mmoja alikaa chini. Padri alipopanda, walipiga mabomba kwa spana, nahodha akateremka kuuliza nini kimeharibika.

Barua yangu ya tarehe nane bila shaka umeshaipata na kuicheka. Vyuma viwili vilevile. Mimi nilihitaji mahesabu; wewe ulihitaji kukaa juu yake.

Januari meli zikifungwa kwa barafu nitakuja. Nataka kuliona trekta hilo likiwa limesimama, kwanza. Likitembea, tutaona.

Cletus amesema nini?

Leander


Neubach
Jumapili, 8 Septemba 1974

Mjomba mpenzi,

Mama amesikia Januari, ameanza soksi nyingine. Mahindi yanakauka vizuri. Barua yako ya tarehe nane ilifika siku nne baada ya mashindano. Urban aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, halafu akaja jikoni akanikumbatia mpaka unga ukamjaa shati lote.

Umeuliza Cletus amesema nini. Jumatatu ile Urban aliamka kama kawaida, akavaa nguo za shamba. Hakuna aliyeitaja sare. Tulikuwa bado tunakunywa kahawa tuliposikia la kijani likiwashwa. Tukatoka mlangoni. Baba mkwe aliliendesha polepole kupita ghala, kupita zizi la nguruwe, akaliingiza moja kwa moja ndani ya banda la maziwa, akalizima katikati ya sakafu.

"Silinda ya kushoto inapiga mluzi," akamwambia Urban. "Sina haraka. Panga na kazi zako nyingine."

Urban hana kazi nyingine, Mjomba. Yaani hakuwa nayo. Sasa kuna tatu zinangoja kwenye foleni, na moja imetoka kaunti ya jirani. Lakini siku ile alijibu kwa adabu kuwa ataangalia nafasi, akaingia chini ya la kijani ili baba yake asimwone uso.

Baba mkwe akabaki amesimama karibu nami, akitazama kuta kana kwamba hajawahi kuziona. Akaniuliza nilijuaje kuhusu vile vyuma. Nikamwambia nilikuwa nimekaa juu yake.

"Mimi nina ratili mia mbili na sitini, Verena," akasema. "Mwakani ungeniendeshea la kijani."

Nikamjibu, "Asante, Baba, lakini mimi nimeshaolewa na jekundu."

Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu niingie nyumba hii. Alicheka mpaka akashika gurudumu, na Urban akatoa kichwa chini ya injini, pua imejaa grisi, kuuliza nimemfanya nini baba yake.

Wako, kutoka karakana ya Heitkamp,
Verena